Droni yenye kamera ya joto inaweza kuona bomu lililofukiwa shambani?

Swali la msomaji:

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni kijana wa huku Tukuyu, napiga picha za mashamba kwa droni, chai na parachichi hasa, na mwaka jana nikaongeza droni yenye kamera ya joto kwa ajili ya kuangalia miti yenye shida ya maji. Sasa shemeji yangu ameoa upande wa Msumbiji, mkoa wa Niassa, na wakwe zake wamempa eneo alime mahindi na ufuta. Shida ni kona moja ya lile eneo, karibu na daraja la zamani, wazee hawaigusi kabisa, wanasema tangu enzi za Mreno pametegwa mabomu. Mimi nimeona klipu mtandaoni droni inaonyesha mabomu yaliyofukiwa yanang'aa kama taa. Nataka niende nirushe yangu, nikikuta hamna kitu tuingize trekta. Kuna rafiki yangu wa Chunya pia ana ditekta ya dhahabu, naweza kumuazima. Au kuna picha za setilaiti naweza kununua nikaangalia nikiwa nyumbani? Nisaidie kabla mvua hazijaanza. Ndaga fijo."

Jibu:

Kamwene mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kwenda, maana wengine huwa wananipigia wakiwa tayari wamesimama shambani. Nianze na lile kubwa usije ukachoka kusoma njiani: msiingize trekta kwenye hiyo kona eti kwa sababu droni haikuona kitu. Sikukatazi kurusha, kuna kazi nzuri tu droni yako inaweza kufanya kule na nitakuelekeza. Lakini hayo maneno yako matatu, "nikikuta hamna kitu", ndo hatari yote ilipolala. Kamera ya joto inaweza kukuonyesha mahali pa kutilia shaka. Kukuhakikishia kwamba kwingine kote ni salama, hiyo haiwezi, na hata ungenunua ya bei mara kumi isingeweza.

Mimi ni mtu wa jiofizikia, siku hizi nahangaika zaidi na maji ya visima kuanzia Mafinga mpaka Mbozi, ila kabla ya hapo nilikaa Msumbiji na timu za kutegua mabomu, kazi yangu ikiwa rada na ditekta. Kwa hiyo hizi ndoto za kuruka juu ukayaona mabomu yote kwa siku moja nazijua vizuri, na mimi nilikuwa nazo.

Tuanze na hizo klipu. Sisemi ni za uongo, nyingi ni za kweli kabisa, ila angalia zimepigwa wapi. Aina ya kwanza ni zile za mabomu madogo ya plastiki ya Kirusi yanayoitwa PFM-1, yana umbo la kipepeo, yanamwagwa toka juu na kubaki juu ya ardhi. Hayafukiwi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton kule Marekani walionyesha kwamba droni yenye kamera ya joto inayapata vizuri, na ni kazi nzuri sana, lakini bomu lililolala wazi kwenye mchanga ni jambo moja na bomu lililokaa miaka hamsini chini ya nyasi na mizizi ni jambo jingine. Aina ya pili ni za jangwani. Shirika la Humanity & Inclusion lilifanya majaribio kaskazini mwa Chad na droni ikayaona mabomu yaliyofukiwa kweli kweli, lakini kule ni mchanga mkavu, hamna jani hata moja, jua linawaka mchana na usiku baridi kali, na mengi ya mabomu yenyewe makubwa. Jangwa ndo linairahisishia kamera. Sasa wewe unakwenda Niassa, miombo, nyasi zinafika kifuani, udongo mwekundu. Ni kama mtu ameona gari linakimbia kwenye lami ya Uyole halafu akadhani litakimbia hivyo hivyo kwenye barabara ya tope mwezi wa nne.

Sasa nikueleze kamera inaona nini hasa, maana ukilielewa hili mengine yote yanajipanga yenyewe. Kamera ya joto haipenyi ardhi. Hata milimita moja haiingii. Inachosoma ni joto la ule uso wa juu kabisa wa udongo, au wa jani kama kuna jani, basi. Bomu linaonekana kwa njia ya kuzunguka: mchana jua linapasha udongo na joto linashuka chini taratibu, likikutana na bomu linakwama, kwa sababu plastiki na baruti ya TNT vinapitisha joto kwa shida kuliko udongo wa kawaida. Likikwama, udongo ulioko juu ya bomu unabaki na joto zaidi ya jirani zake. Usiku mambo yanageuka, joto linatoka chini kupanda juu, bomu linaziba tena, ule udongo wa juu unapoa haraka kuliko jirani. Kwa hiyo mchana unaona doa la moto, usiku doa la baridi, na katikati yake, asubuhi jua likishapanda kidogo na jioni tena, kuna muda doa linapotea kabisa kwa sababu joto limelingana. Ukirusha muda huo hata bomu likiwepo unaona uwanja mtupu.

Halafu kina. Joto la siku moja haliendi mbali ardhini. Kwenye udongo wa kawaida, ukifika kama sentimita 12 chini, yale mabadiliko ya mchana na usiku yameshapungua kwa karibu theluthi mbili, na kumbuka lile joto lililozuiliwa inabidi litoe ishara irudi mpaka juu, nayo inapungua tena njiani. Bomu likiwa sentimita tatu chini ya mchanga mkavu, sawa. Likiwa sentimita kumi na tano chini, na mvua za miaka hamsini zimeshaleta udongo mwingine juu yake, huo utofauti unaobaki ni mdogo kuliko tofauti ya kivuli cha nyasi mbili. Na nyasi zenyewe ndo kikwazo kikubwa kuliko vyote, kwa sababu jani linapoa kwa maji yake lenyewe na upepo, halina habari na kilichoko chini.

Ngoja nikupe kisa kimoja. Kuna mwaka tulifanya jaribio huku kwetu, kwenye kipande cha shamba karibu na Uyole, na vijana wawili waliokuwa wanajifunza kazi. Tukachukua makopo ya plastiki ya mafuta ya kupaka, tukayajaza mishumaa iliyoyeyushwa, maana nta kwa joto inafanana fanana na baruti, tukayafukia kwa vina tofauti. Jioni ile ile tukarusha droni, makopo yote yakaonekana! Vijana walishangilia kama timu imefunga bao. Mimi nilikuwa nimeficha jambo: usiku wa kuamkia siku ile nilichimba mashimo mengine manne na kuyafukia matupu, bila kuweka chochote, na yale manne nayo yaling'aa vile vile, huwezi kutofautisha. Maana yake kamera ilikuwa inaona jembe, yani udongo uliochimbuliwa, ambao umelegea, una hewa ndani, unashika joto tofauti. Kopo lenyewe lilikuwa halijaonekana bado. Tukaacha mvua za masika zipite. Baada ya hapo tukarusha tena, mchana, usiku, alfajiri, na tulikuwa na ramani ya mahali tulipofukia, tunajua kabisa wapi pa kuangalia. Makopo mawili ya juu kabisa yalionekana kwa shida wakati wa usiku mkavu. Mengine hayakuonekana kabisa. Sasa ya kwenu kule hayana ramani, na yamenyeshewa mvua za misimu hamsini na zaidi.

Nakushauri ulifanye jaribio hili hili hapo kwenu kabla hujatumia hela ya nauli. Chimba, fukia, weka na mashimo matupu ya kujipima, subiri miezi, rusha. Droni yako yenyewe itakufundisha kuliko maandishi yangu.

Kuhusu ukubwa wa picha, nadhani kamera yako ni ya pikseli 640 kwa 512, nyingi za siku hizi ndo hizo. Ukiruka mita 30 juu, pikseli moja inafunika karibu sentimita 3 za ardhi kwa lenzi ya kawaida. PMN, lile bomu la Kirusi la kukanyagwa na mtu lililosambaa sana duniani, lina upana wa sentimita 11 hivi, kwa hiyo litapata pikseli nne za upana. M14 ya Kimarekani ni sentimita 5 na nusu, pikseli mbili. Ukipanda mita 60 gawa kwa mbili. Doa la pikseli mbili kwenye shamba linaweza kuwa bomu, linaweza kuwa jiwe, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kichuguu kidogo, chochote. Na hapo ndo utaona kwa nini setilaiti sahau: picha kali kabisa unazoweza kununua sokoni pikseli moja ni kama sentimita 30, yani PMN nzima inachukua karibu sehemu moja ya kumi ya pikseli moja, na bado iko chini ya udongo. Hakuna setilaiti inayouzwa itakayokuonyesha bomu la kukanyagwa, atakayekuambia anayo huyo anakuuzia ramani ya Google kwa bei ya kuruka.

Ila picha za setilaiti, na hasa za zamani, zina faida nyingine, nitarudi huko.

Sasa ditekta ya Chunya. Hapa naomba uwe makini kweli maana hili ndo linaua watu wenye akili zao. Ditekta ya dhahabu ni mashine nzuri, inatuma uga wa sumaku ardhini na kusikiliza kama kuna chuma au madini yanayojibu. Tatizo la kwanza, mabomu mengi ya kukanyagwa mwili wake ni plastiki au bakelaiti, chuma kilichomo kwenye M14 ni kijipini kidogo cha kugongea tu. Tatizo la pili ni udongo. Udongo mwekundu wenye chuma, na udongo wa volkano kama wa kwenu Rungwe, wenyewe una sumaku. Chukua sumaku ya spika mbovu uiburuze kwenye mchanga wa korongo lolote hapo Tukuyu uone linavyobeba vumbi jeusi. Mashine ya dhahabu imetengenezwa iuzime huo mlio wa ardhi ili isikusumbue, na mtumiaji naye amezoea kupuuza vimilio vidogo, sasa kwenye bomu kale kamlio kadogo ulikokapuuza ndo kenyewe. Tatizo la tatu ndo baya zaidi: ili uitumie inabidi utembee juu ya hiyo ardhi. Wategua mabomu wana ditekta zilizopimwa kwa kazi hiyo, kila asubuhi wanazijaribu kwenye chuma kidogo kilichofukiwa kwa kina kinachojulikana, wanakwenda kwenye kanjia kembamba, wanavaa ngao ya uso na kizibao, na bado kwa kila bomu moja wanachimba misumari, maganda ya risasi na vipande vya makopo mpaka mgongo unauma. Rafiki yako wa Chunya mwache aendelee kutafuta dhahabu.

Zile apu za simu za kutafuta chuma, hizo ni dira ya simu tu inasoma sumaku, chuma kikubwa kiwe sentimita chache toka kwenye simu ndo itacheza. Kwenye plastiki haina habari.

Na nitoke kidogo nje ya mada, kwa sababu huku Nyanda za Juu tuna ugonjwa wa mali ya Mjerumani, ile hazina inayosemekana ilifukiwa, kila boma la zamani lina mtu anachimba usiku, na kuna mashine zinauzwa zenye antena mbili, eti zinaonyesha dhahabu au bomu toka mita mia tano. Kuna Muingereza mmoja, James McCormick, aliuza kifaa cha namna hiyo kinaitwa ADE 651 kwa Iraki, wakakitumia kwenye vizuizi vya barabarani kutafutia mabomu, ndani hakukuwa na kitu chochote kinachofanya kazi. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10. Waliolipukiwa kwa kuiamini ile antena hawakurudi. Kwa hiyo akija mtu na antena, mpe chai na umuage.

Utaniuliza, je rada? Ile rada ya kupenya ardhi, ambayo mimi mwenyewe naitumia, hiyo angalau inaingia chini kweli. Inatuma mawimbi ya redio, yakikuta kitu chenye tabia ya umeme tofauti na udongo yanarudi, na haijali kama ni plastiki au chuma. Kuna ditekta za mkononi zenye vitu viwili kwa pamoja, ditekta ya chuma na rada, wataalamu wamezitumia Angola, Kambodia na Afghanistani na zimepunguza sana kuchimbua misumari, kwa sababu ukisikia chuma halafu rada ikakuambia ni kidogo kama msumari unajua la kufanya. Ukiifunga kwenye droni ndo shida inaanza, mawimbi mengi yanagonga uso wa ardhi na kurudi kabla hayajaingia, inabidi uruke chini sana, na kwenye nyasi na miti ya miombo hiyo ni kutafuta ajali. Halafu udongo wa mfinyanzi wenye maji unayameza mawimbi kama sponji, na mchanga mkavu sana nao unakaribia kufanana na plastiki kwa macho ya rada, kwa hiyo bomu linajificha. Kila udongo una tabu yake. Watu wanaendelea kuifanyia utafiti na mimi naamini itafika mahali, ila leo hii huwezi kukodi droni yenye rada ikakupa hati ya usalama wa shamba.

Na akili mnemba, najua utaitaja. Programu inafundishwa kwa picha nyingi za mabomu halafu inatafuta yenyewe, na inasaidia kweli pale picha ni elfu kumi na macho ya binadamu yamechoka. Lakini inajua kile ilichofundishwa tu. Iliyofundishwa kwenye changarawe kavu ukiipeleka Niassa itaona mabomu kwenye vichuguu na itapita juu ya bomu lenyewe kimya kimya. Na kama kwenye picha yenyewe doa la joto halipo, hakuna hesabu itakayolileta.

Cha ajabu ni kwamba moja ya vifaa bora vya kazi hii vinafundishwa hapa hapa kwetu na havina betri. APOPO pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, wanafundisha panya buku kunusa TNT, mafunzo yanachukua miezi tisa hivi. Panya ana uzito wa kilo moja na kidogo, halilipui bomu akipita juu yake, na hana shida na misumari kwa sababu yeye hatafuti chuma, anatafuta harufu. Eneo la uwanja wa tenisi anamaliza kwa nusu saa, mtu mwenye ditekta anaweza kuchukua hadi siku nne. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo Morogoro akafanya kazi Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Panya wa Morogoro wamefanya kazi Msumbiji pia. Lakini hata panya akikwaruza ardhi, bado mtu anakuja nyuma na ditekta na kijiti chake kuthibitisha kwa mkono. Sijawahi kuona timu yoyote ya maana inayoamini kitu kimoja peke yake.

Sasa tuje kwa wazee wa shemeji. Msumbiji ilitangaza Septemba 2015 kwamba maeneo yote ya mabomu yaliyojulikana yamesafishwa, ilikuwa habari kubwa, na kweli ni mafanikio makubwa sana kwa nchi iliyopitia vita ya ukombozi 1964 mpaka 1974 halafu vita nyingine 1977 mpaka 1992. Kwa hiyo inawezekana kabisa hiyo kona ilishafanyiwa kazi na wazee wanaendelea tu kuiogopa kwa mazoea, au haikuwahi kuwa na kitu. Lakini lisikilize lile neno, yaliyojulikana. Bado mabomu ya mmoja mmoja hutokea, nchi yoyote iliyopigana hali ni hiyo hiyo. Na wazee wamekutajia daraja. Hawakusema mlimani wala katikati ya shamba, wamesema darajani, na madaraja ni kati ya sehemu zilizokuwa zinategwa wakati wa vita. Kwangu mimi hilo neno moja la mzee lina uzito kuliko picha mia za joto. Bomu lenyewe halizeeki vile watu wanavyodhani, plastiki haili kutu na TNT inakaa miongo mingi. La kukanyagwa linataka uzito wa kilo chache tu, mtoto anatosha. La gari linataka zaidi ya kilo mia moja, kwa hiyo mtu anaweza kupita juu yake miaka yote salama na siku trekta likija ndo siku yenyewe.

Kwa hiyo wasikudanganye kwamba eti "mbuzi wanachunga pale kila siku". Wala kuchoma moto nyasi si kusafisha, moto unaweza kulipua baadhi na kuyaacha mengine yakiwa na joto na hasira.

Sasa kazi ya droni yako, na hapa ndo nakutaka. Simama sehemu ambayo watu wanalima kila mwaka, au barabarani, na urukie pale. Piga picha za kawaida, zile za rangi, sio za joto, tengeneza ramani nzuri ya eneo lote kama unavyofanya kwenye chai. Tafuta mitaro ya zamani, mashimo ya duara, misingi ya kambi, njia ya miguu inayokwepa mahali bila sababu, kipande ambacho miti imekua mikubwa kuliko kwingine kwa sababu hakuna aliyekata kuni pale. Hapo ndo picha za zamani za setilaiti na za ndege zinaingia, unaangalia barabara ya zamani ilipita wapi kwenda darajani. Croatia wamefanya sana hivi, kuangalia toka angani dalili za vita, mahandaki na ngome, badala ya kulitafuta bomu lenyewe, ili wajue wapi pa kupeleka watu na wapi hapana haja. Halafu kaa na wazee, waonyeshe ile ramani kwenye kompyuta, waache wanyooshe kidole wenyewe: askari walilala wapi, nani alikatika mguu, mwaka gani, ng'ombe wa nani alikufa. Andika yote. Hiyo faili ukimpelekea mtaalamu umempunguzia wiki nzima za kuzunguka. Ya joto rusha ukipenda, usiku mkavu, lakini uiweke kama nyongeza. Na kabla ya yote, vibali: hapa unawajua TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kule nako kuna sheria zao, na droni ya mgeni inayozunguka juu ya daraja bila karatasi itakuletea shida na polisi mapema kuliko bomu.

Shemeji mwambie hivi. Sehemu ambayo ukoo umelima kwa jembe miaka na miaka aendelee nayo, huo ni ushahidi mzuri kuliko mashine yangu, ila aulize na mwisho wa jembe ni wapi hasa, kwa mguu wa mzee na si kwa maneno. Pale jembe lilipoishia na yeye aishie hapo. Hiyo kona na daraja vizungushiwe alama inayoonekana, mawe yaliyopakwa rangi nyekundu yanajulikana na wengi kama alama ya hatari, na watoto waambiwe. Halafu apeleke taarifa kwa uongozi wa kijiji na wa wilaya na polisi, kwa maandishi, aombe waangalie kama eneo liliwahi kufanyiwa kazi. Kumbukumbu za usafishaji zilitunzwa, na inawezekana jibu likaja kwa karatasi tu bila mtu kuchimba. Kama hakuna rekodi, hapo ndo wanahitajika watu wa kufika pale wenyewe, na msimu huu wa mvua kona ibaki pori. Ni nusu eka ya mahindi, mdogo wangu, labda eka moja.

Akiona kitu, au wewe ukiona, kiwe chuma, plastiki ya duara, waya uliokatiza kwenye nyasi: simama hapo hapo, usiguse, usitupie jiwe, rudi kwa kukanyaga nyayo zako zile zile ulizojia, ukifika salama weka alama na upige simu. Hata huku nyumbani ni hivyo hivyo. Tanzania haihesabiwi kati ya nchi zenye maeneo ya mabomu ya ardhini, lakini vyuma vya vita vya zamani vinaweza kuibuka, na wa Dar wanakumbuka Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, mabomu yaliporuka toka maghala ya jeshi mpaka kwenye nyumba za watu. Polisi na jeshi wapo kwa kazi hiyo, usikibebe kwenye pikipiki kumpelekea mtu wa vyuma chakavu.

Na la mwisho nimelisahau pale juu. Betri ikikuishia au upepo ukakuangushia droni ndani ya ile kona, iache. Najua ulivyoinunua kwa shida, najua ina mkopo. Mimi mwenyewe kuna moja niliiacha kwenye nyasi, taa yake ilikuwa bado inawaka waka tunaiona toka barabarani mpaka giza lilipoingia, na kijana mmoja alitaka kukimbia aichukue, tulimshika shati.